Birika la Dada Delfina

Paso Aguará, 14 Machi 1987

Mpwa wangu Isolina,

Barua hii ikukute mzima, na kama baridi ya huko kusini imeshakugandisha, basi mumeo akusomee kwa sauti karibu na jiko mpaka uyeyuke. Sisi huku hatujambo. Ng'ombe wamenona, machungwa yameanza kugeuka rangi, na mguu wangu uliopigwa teke na farasi umepona kupita kiasi. Sasa una nguvu kuliko mwenzake, hata nikitaka kwenda moja kwa moja najikuta nakata kona.

Mwaka huu nimepata boga. Sisemi boga la kuliwa, nasema boga la kuhamia. Mbwa wangu Capitán aliingia kwa upande wa mashariki akimfukuza panya, akatokea magharibi siku ya tatu, ana mvi. Watu wa mjini walikuja kulitazama wakavua kofia.

Misa ya mwaka mmoja ya marehemu baba yako ilikwenda vizuri. Watu walijaa mpaka uani. Padre alikuja, nyama nilichoma mimi mwenyewe, na unajua nikichoma mimi hata mifupa hugombewa. Ungejivunia. Hapakutokea jambo lolote.

Mama yako anakusalimu. Yuko salama.

Mimi mjomba wako ambaye shule iliniacha darasa la tatu, na mwalimu akalia,
Eleuterio


Río Gallegos, 20 Aprili 1987

Mjomba Telo mpendwa,

Shikamoo. Bado sijaganda, ila juzi upepo uliniondolea shuka kwenye kamba na majirani wanasema limeonekana likielekea baharini. Mirta ameng'oka jino la mbele, sasa anapiga mluzi bila kutaka. Hospitalini kazi ni ile ile, zamu juu ya zamu. Ramiro anakusalimu na anauliza kama boga lako lina chumba cha kupangisha.

Mjomba, tangu nihamie huku mama anakaa jikoni anasema, wewe unaandika. Ndivyo barua zake zinavyonifikia, kwa mkono wako wenye herufi zinazolala kama wagonjwa. Hata akiwatukana kuku unaandika. Katika barua hii kuku hawajatukanwa. Hakuna neno lake hata moja, isipokuwa "anakusalimu", na hilo ni lako, si lake.

Unasema hapakutokea jambo lolote. Mimi sikukuuliza.

Asubuhi bado unaruka uzio kwenda kunywa naye yale majani machungu ya yerba, kwa kibuyu na mrija? Niambie.

Mpwa wako,
Isolina


Paso Aguará, 6 Juni 1987

Mpwa wangu,

Utanisamehe kuchelewa. Kwanza kalamu ilikauka, halafu mto ulifurika ukakata barabara, halafu mleta barua aliumwa na mbuzi. Yote ni kweli, ila la mbuzi nimeliongezea kidogo. Alikuwa bata.

Hapa wote wazima. Nimevua kambare mkubwa hata nilipompasua nikakuta tandiko la farasi tumboni, na blanketi lake bado lina joto. Mwenye tandiko hajajitokeza. Farasi pia.

Umeniuliza habari za kunywa. Nakunywa kila siku saa kumi na moja alfajiri, vibuyu ishirini, ishirini na viwili Jumapili. Unajua hakuna mtu ukanda huu anayemimina kama mimi. Nimewahi kuwanyweshea wachunga ng'ombe kumi na sita kwa majani yale yale, na kibuyu cha mwisho kilikuwa na povu ungedhani nimekamua ng'ombe. Maji kwangu ni kama farasi aliyefundwa. Nikimwambia simama, anasimama.

Mama yako ana shughuli zake. Mtu mzima hapaswi kushurutishwa. Wako wanaosema chai ya kikombe ni nzuri kwa tumbo.

Salimu Mirta. Mwambie jino likiota aliangalie sana, la kwangu liliota mara tatu.

Eleuterio


Río Gallegos, 2 Julai 1987

Mjomba Telo,

Natumaini baridi ya Juni haikuwaumiza. Huku theluji imefika dirishani. Mirta amejifunza kuandika jina lako ila ameruka herufi tatu, nikamwambia haidhuru, mwenyewe huziruka pia.

Nilisoma barua yako mbele ya Ramiro. Tulipofika kwenye "chai ya kikombe" akaacha kutafuna. Mama yangu anakunywa chai ya kikombe? Mama aliyewahi kumfukuza mchuuzi wa majani ya chai kwa ufagio?

Basi nilipiga simu ofisi ya ushirika, nikamwomba Doña Herminia amwite. Nilingoja nusu saa. Mama akaja na sauti ndogo kama ya mtu aliye chini ya meza.

"Mama, unakunywa na nani asubuhi?"

"Kibuyu kiko kabatini."

"Kwa nini kiko kabatini?"

"Kimechoka."

"Na mjomba je?"

"Muulize mwenyewe. Yeye si ndiye bingwa wa maji?"

Kisha akakata, au waya ulikatika. Doña Herminia aliniambia baadaye kwamba mama hatoki, hapokei wageni, jiko lake haliwashwi mpaka saa nne asubuhi. Miezi minne sasa. Na wewe uko ng'ambo ya uzio, mjomba, hatua arobaini.

Nimekwisha safisha chumba cha nyuma. Mwezi wa Desemba nachukua likizo, nakuja kumchukua aishi nasi. Siwezi kumwacha azeeke akizungumza na kuku. Kama una sababu ya kunizuia, iandike. Na uiandike bila kambare.

Mpwa wako anayekupenda, ndiyo maana amekasirika,
Isolina


Paso Aguará, 19 Agosti 1987

Isolina mpwa wangu,

Sisi wazima. Capitán mzima. Barua hii nimeianza mara nne. Tatu za kwanza zilikuwa nzuri sana, hii ya nne ndiyo ya kweli, kwa hiyo haina uzuri.

Siku ya misa, baada ya kanisa, watu walirudi nyumbani kwa mama yako. Jikoni walikuwa kama kumi na wawili, padre yumo, mwalimu mkuu yumo, na wale akina Ojeda wenye midomo. Mama yako akaketi na birika lake na kibuyu chake, kama siku zote. Unajua mwenyewe, kibuyu kimoja, mrija mmoja, na mwenye birika ni mmoja. Anayemimina ndiye mwenye nyumba, mwenye siku, mwenye watu. Hata mtoto wa kunyonya anajua hilo.

Basi birika likachemka. Likachemka kabisa, mpwa wangu, kifuniko kinaruka, na maji ya yerba huepuliwa kabla hayajachemka. Mama yako kaketi anatazama ukutani. Akaliepua akamimina yale maji yanayotokota, akanywa cha kwanza bila kukunja uso, akampa padre cha pili. Padre akanywa, machozi yakamtoka, akasema Mungu ni mwema. Yerba imeungua, uchungu wa majivu. Mwanamke mmoja wa akina Ojeda akamwangalia mwenzake.

Mimi nilikuwa nimeshakunywa mvinyo kidogo. Kidogo cha kwangu unakijua. Nikasimama nikasema, "Dada Delfina, unatuunguza! Lete hapa, uniachie mimi mwenye mkono!" Nikachukua birika mkononi mwake. Nikamwaga majani dirishani. Nikaweka mapya, nikaongeza maji baridi, nikaanza kumimina, na nikawa nasimulia ile hadithi ya wachunga ng'ombe kumi na sita. Watu walicheka. Walisema, "Telo, wewe ndiye bingwa wa maji." Nilijibu kwamba ndiyo.

Ilipofika zamu ya mama yako nikampa kibuyu. Povu zuri. Akakishika, akakitazama, akanirudishia kimejaa vile vile. Kisha akainuka akaenda chumbani.

Kesho yake niliruka uzio saa kumi na moja kama kawaida. Mlango umefungwa. Nikagonga. Akasema kutoka ndani, "Kanywe kwako, una mkono." Tangu siku hiyo.

Sasa umejua. Nilidhani likikaa kimya litaoza lenyewe.

Mjomba wako


Río Gallegos, 10 Septemba 1987

Mjomba,

Salamu kutoka kwetu sote. Mirta ana mafua lakini anakula.

Nimesoma barua yako mara mbili zamuni. Mgonjwa wa kitanda cha nne akaniuliza kama nimefiwa.

Ulimnyang'anya birika! Nyumbani kwake, mbele ya padre, siku ya baba! Mjomba, ungempiga kofi angekusamehe kabla nyama haijapoa. Ungemwibia ng'ombe, angesema basi, ni mdogo wangu. Hili nalo lilitoka wapi? Wewe mwenyewe ndiye uliyenifunza, nikiwa na miaka sita, kwamba ukipewa kibuyu kibaya unanyamaza unakunywa, maana si maji unayopewa, ni mkono wa mtu.

Nenda ukamwombe radhi. Nakuja tarehe kumi na mbili Desemba. Mkiwa hamjapatana namchukua, na sitasikiliza hadithi.

Usidhani nimeacha kukupenda. Nimeacha kukucheka tu, kwa muda.

Isolina


Paso Aguará, 11 Oktoba 1987

Mpwa wangu,

Pole kwa mafua ya Mirta. Mchemshie maganda ya chungwa na asali. Dawa hiyo ilimponya farasi wangu kikohozi, na sauti ikamlainika hata akawa anaombwa kwenye harusi.

Nilikwenda. Usiseme sikwenda. Na sikwenda mikono mitupu, maana mimi si mtu wa kuaibisha ukoo. Nilikwenda mpaka mjini nikanunua chupa ya chai, ile ya kuhifadhi moto, nyekundu, ya kiwanda, ambayo maji hayawezi kuchemkia ndani hata yakitaka. Na kwa kuwa ninafikiri mbali, nikamwomba daktari wa mifugo kipimajoto chake.

Nikamkuta anamenya muhogo. Nikasema, "Dada, nimekuletea suluhisho."

"La nini?"

"La maji. Hii chupa, na hiki kioo. Unakitumbukiza, kinakwambia lini uepue. Hutakosea tena."

Akaacha kumenya. "Hicho kioo ni cha nini?"

"Cha maji."

"Telo. Ni cha nini?"

"Cha ng'ombe," nikasema.

"Na kwa ng'ombe kinaingia wapi?"

Nikanyamaza, mpwa wangu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza. Akasimama, kisu mkononi, akasema polepole, "Kwanza uliniambia sijui mbele ya watu. Leo umeniletea na mwalimu." Chupa akaiweka juu ya nguzo ya uzio, upande wangu. Bado iko pale. Ndege wameanza kuleta nyasi.

Sasa nakuuliza na unijibu. Kweli unamchukua? Nasikia huko hakuna mchungwa wala mti wowote uliosimama wima. Nani atamjua huko? Sisi wawili mama yetu alitufia nikiwa na miaka saba na yeye kumi na mitatu. Yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka shule, na nilipofukuzwa yeye ndiye aliyenirudisha nyumbani, njia nzima akisema mwalimu ndiye mjinga. Hili la mwalimu kulia nililitunga baadaye. Aliyelia ni yeye.

Nikiamka saa kumi na moja nawasha jiko, namimina, nakunywa, na hakuna wa kumpa cha pili. Vile ishirini nilivyokuambia si kweli. Nakunywa viwili, namwaga.

Eleuterio


Río Gallegos, 30 Oktoba 1987

Mjomba wangu,

Mirta amepona, ila anasema maganda ya chungwa hayakumlainisha sauti, na anadai arudishiwe. Ramiro amecheka kipimajoto mpaka akalala sakafuni. Mimi pia nimecheka, kwa hiyo jua kwamba muda umekwisha.

Tiketi za basi nimezinunua. Mbili za kuja, tatu za kurudi.

Nakwambia kama ninavyowaambia wauguzi wapya, wale wanaotaka kufunga bandeji kabla ya kutazama kidonda. Usipeleke kitu. Nenda mikono mitupu na mdomo mtupu. Kaa kwenye lile benchi la nje. Usiombe, usieleze, usisimulie. Akikupa, kunywa. Asipokupa, rudi kwako, kesho uende tena.

Najua nakutuma kazi ngumu. Ungekuwa unaweza kupigana na chui badala yake, ungeshamaliza.

Wako,
Isolina


Paso Aguará, 27 Novemba 1987

Mpwa wangu Isolina,

Sisi wazima, na safari hii "sisi" ni watu wawili kweli.

Nilikwenda siku tisa. Siku ya kwanza alifagia. Akafagia mpaka miguuni pangu, akafagia juu ya viatu. Nikakaa. Siku ya pili akatoka na kikombe chake cha chai, akanywa mbele yangu taratibu, akampa Capitán kipande cha mkate wa jibini. Mbwa alinitazama kwa aibu lakini alikula. Siku ya tatu akina Ojeda walipita barabarani, mmoja akauliza, "Telo, umetiwa kifungoni?" Nilikuwa na majibu saba. Nikayameza yote, na sikula chakula cha mchana, nilishashiba.

Siku ya tano ilinyesha. Nilikaa. Akafungua mlango, akasema, "Ingia, usije ukanifia kizingitini nikaambiwa nimeua." Nikaingia. Hakusema jingine.

Siku ya sita akafungua kabati. Akakitoa kibuyu, akakipangusa vumbi kwa aproni, akaweka yerba, akachukua maji ya mtungini. Ya baridi, mpwa wangu, hayakuona moto. Unajua kwetu maji baridi anapewa nani. Anapewa mtu ambaye unataka aondoke asirudi. Akanyoosha mkono. Nikapokea, nikanywa mpaka mrija ukakoroma, nikamrudishia. Akajaza tena. Nikanywa. Vibuyu saba, majani yamekwisha ladha tangu cha tatu, yanaelea kama mabua kwenye josho. Kila nikirudisha ananitazama mdomo.

"Husemi kitu?"

"Sina."

"Wewe? Wewe huna neno?"

"Leo sina, dada."

Siku ya saba ikawa hivyo hivyo. Siku ya nane hivyo hivyo, tumbo langu likawa kama kisima. Siku ya tisa alipokwisha kunipa cha nne akaketi, kibuyu mapajani, akaanza kusema, huku anaangalia ukutani, pale pale alipokuwa akiangalia siku ya misa.

"Telo, miaka thelathini na moja nimemimina mimi. Lakini maji hayakuwa yangu."

"Yalikuwa ya nani?"

"Ya Aparicio, marehemu mume wangu. Yeye alikaa kile kiti cha ukutani. Hasemi, unamjua. Anasikiliza birika. Likifika anasema 'sasa', mimi naepua. Kila alfajiri, 'sasa'. Mimi sikuwahi kusikiliza birika maishani mwangu, Telo. Sikuwa na haja. Alipokufa nikawa nakisia. Mwaka mzima nakisia, wewe unakunywa unapiga domo, hukugundua. Siku ile nyumba imejaa watu, nikasahau. Nikawa nangoja aseme."

Akakigeuza kibuyu mapajani.

"Kisha wewe ukasimama ukasema."

Isolina, nimekunywa jikoni kwa baba yako tangu kabla hujazaliwa. Nimeketi mkabala na kile kiti. Nimesimulia pale kila uongo nilionao. Wala sikuwahi kulisikia hilo neno "sasa". Wewe ulilisikia? Nadhani sote tulikuwa tunaongea.

Nilimwomba radhi. Siandiki hapa nilivyosema, kwa sababu halikuwa jambo zuri la kusikika. Nilikuwa nalia, na pua yangu ni kubwa.

Akajipangusa, akainuka akaweka birika motoni. Nami nikainuka kumsaidia, mkono umeshatangulia. Akanipiga kwa kijiko.

"Usiguse! Kaa pale."

Pale ni kwenye kiti cha baba yako. Nilisita.

"Kaa. Birika ni langu. Wewe sikiliza."

Siku ya kwanza ya kusikiliza nilisema "sasa" mapema, tukanywa kitu vuguvugu. Siku ya pili nilikuwa namsimulia habari za yule kambare, maji yakachemka, akayamimina hivyo hivyo na kunipa mimi cha kwanza, ulimi wangu bado hauna ngozi. Akasema, "Unaona? Ukiongea husikii." Ni kazi ngumu, mpwa wangu. Maji hayasemi mara moja. Kwanza yanakaa kama hayapo. Halafu yanakwaruza chini, kama panya darini. Halafu yanaanza kunong'ona, na hapo ndipo, wala si baada ya hapo. Leo ni siku ya kumi na mbili na nimepatia mara tano.

Mama yako ameketi hapa, anasema niandike, nami naandika neno kwa neno: "Mwambie aje na mtoto. Mwambie kitanda kipo. Mwambie ile tiketi ya tatu airudishe, mimi nina kuku, na yule wa madoadoa ni mshenzi, anataga kwa jirani. Mwambie huko kwao nitakwenda kutembea, si kuhamia. Mwambie nampenda, lakini usiandike kwa herufi zilizolala, andika zisimame."

Nimejaribu kuzisimamisha.

Nilikuwa na mengi ya kukueleza, kuna habari ya mamba aliyekuja kuomba ile chupa nyekundu, ni habari ndefu na kubwa sana. Lakini hapa naacha. Birika limeanza kukwaruza, na mimi niko kazini.

Mjomba wako,
Eleuterio